Nyumba ya shea Uingereza: ukinunua asilimia 40, bili unalipa asilimia ngapi?

Tuanze na hesabu, maana ndo kitu ambacho kwenye tangazo hakikai mbele. Flati ya vyumba viwili hapa Milton Keynes, jengo jipya, ghorofa ya tatu, bei kamili pauni 280,000. Tangazo lenyewe limeandika kwa maandishi makubwa "112,000", na hiyo 280,000 imewekwa chini huko kwa maandishi ya kutafuta na miwani. Hiyo 112,000 ni asilimia 40 ya nyumba. Asilimia 60 zinazobaki ni za shirika la nyumba (housing association, ndo wanaouza hizi shea), na wewe unazilipia kodi kila mwezi kama mpangaji mwingine yeyote.

Mpango wenyewe unaitwa Shared Ownership, sisi huku tunasema tu nyumba ya shea. Upo England tangu miaka ya 1980 na masharti yake makubwa ni rahisi kuyashika: kipato cha nyumba nzima, yaani mimi na baba watoto tukijumlishwa, kisizidi pauni 80,000 kwa mwaka (London ni 90,000), na uwe huna uwezo wa kununua nyumba inayokufaa sokoni kwa bei kamili. Zamani ulianzia shea ya asilimia 25, kwenye mikataba mipya unaweza kuanzia asilimia 10 mpaka 75. Scotland na Wales wana mipango yao ya namna nyingine kwa hiyo ndugu zangu wa Glasgow hii post haiwahusu sana.

Sasa hesabu. Depoziti asilimia 10 ya shea yako, sio ya nyumba nzima, na hapa ndo watu wengi tunaponasa kwa sababu pauni 11,200 mtu unaweza kuiona mwisho wake, 28,000 huioni. Mogeji, yaani mkopo wa nyumba, inabaki 100,800. Kwa riba ya asilimia 5 miaka 30 inakuja kama 541 kwa mwezi. Kodi ya ile asilimia 60, wanapiga asilimia 2.75 ya thamani yake kwa mwaka, yaani 385 kwa mwezi. Halafu sevisi chaji, ada ya kuendesha jengo, 165. Jumla 1,091. Tunapokaa sasa hivi tunalipa 1,250 na dirisha la chumbani halifungi vizuri tangu mwaka juzi, mwenye nyumba kila ukimwambia anakuletea emoji ya mikono.

Kwa hiyo ukiangalia mwezi wa kwanza shea inashinda bila ubishi. Mi na baba watoto tuliishia hapo kwa muda mrefu tu, tukawa tunaitangazia kila mtu. Mama kule Tanga nilivyomwambia tunanunua asilimia 40 akakaa kimya kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, sasa hiyo sitini mwenyewe akija analala chumba gani?" Tukacheka. Lakini swali la mama ukiliweka sawa ndo swali lenyewe, kwamba mwenye zile 60 anakuja na nini na anakuachia nini.

Anakuachia bili. Hili naomba mtu alisome mara mbili: una asilimia 40 ya nyumba lakini sevisi chaji unalipa asilimia 100. Lifti, usafi wa ngazi, bima ya jengo, taa za korido, ada ya kampuni inayosimamia jengo, yote yako. Shirika la nyumba lenye asilimia 60 halichangii hata balbu. Na kodi unalipa juu yake. Mimi nilivyoelewa hivo nilirudi kusoma ile karatasi ya taarifa muhimu (lazima wakupe kabla hujalipia kushika nyumba, usikubali kupewa baadaye) nikakuta imeandikwa wazi kabisa, hawajaficha, ni sisi tu tunasoma picha za jiko.

Na sevisi chaji haina kikomo. Kodi angalau ina fomula yake: kwenye mikataba mipya inapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei wa CPI kujumlisha asilimia 1, ile ya zamani mara nyingi ni RPI kujumlisha nusu asilimia (CPI na RPI ni vipimo viwili vya mfumuko wa bei), na RPI kwa kawaida inakimbia zaidi ya CPI. Lakini sevisi chaji inapanda kulingana na gharama zilivyo, na gharama anayezipanga sio wewe. Kamati ya bunge inayoshughulikia nyumba ilitoa ripoti mwezi wa tatu 2024 ikasema mambo hayohayo: kodi zinazopanda, sevisi chaji zisizo na kizuizi, mikataba migumu kueleweka, na kwamba kwa watu wengi mpango huu haufikishi kule ulikoahidi. Wabunge hao, sio mimi na chuki zangu.

Nikakaa na baba watoto tukapeleka hesabu miaka kumi mbele. Tukachukua mfumuko wa asilimia 3, kwa hiyo kodi inapanda 4 kila mwaka, ile 385 inafika 570. Sevisi chaji tukaipa asilimia 6 kwa mwaka, inatoka 165 inagonga 295. Mogeji tukaiacha palepale japo ukweli mkataba wa riba ukiisha baada ya miaka miwili au mitano inaweza kwenda popote. Jumla 1,406. Na nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi ikipanda asilimia 4 hiyohiyo, ile 1,250 yetu inakuwa 1,850. Kwa hiyo bado shea inashinda! Na ndani ya hiyo miaka kumi utakuwa umelipa kama elfu 19 za deni lenyewe, sio riba, hela ambayo kwa mwenye nyumba wa emoji ungekuwa umeitupa.

Naweka hili wazi kwa sababu kuna watu wakisikia "sevisi chaji" wanakimbia moja kwa moja wanasema ni utapeli. Sio utapeli. Ni upangaji wenye usalama zaidi, na kipande cha mali ndani yake. Ukiingia ukijua hivo unaweza kupata raha kabisa. Ukiingia ukidhani umenunua nyumba, hapo ndo utalia.

Maana kisheria hapo ulipo una lizi, kitu kinachofanana na hati yetu ya miaka 99 kule nyumbani, unamiliki muda, sio ardhi. Mikataba mipya inatoa miaka 990 kwa hiyo hapo hakuna presha, wajukuu wa wajukuu watamaliza. Lakini shea zinazouzwa mkono wa pili nyingi ni za zamani, miaka 99 au 125 ilianza kuhesabika siku nyingi, na ikishashuka karibu na 80 benki zinaanza kununa na kuongeza miaka ni gharama. Uliza imebaki mingapi kabla hujauliza jiko lina rangi gani.

Kuna kesi ya 2007 ambayo kila anayefuatilia mambo haya anaijua. Mama mmoja alikuwa na shea ya nusu, akaishia na malimbikizo ya kodi, mahakama ikasema kisheria huyu ni mpangaji, na ile nusu yake haikumsaidia kubaki na nyumba. Ukiwa na mogeji mara nyingi benki inaingilia inalipa yale malimbikizo ili kulinda hela yake, halafu inakurundikia kwenye deni, kwa hiyo kufika kule sio rahisi sana. Na sheria mpya ya wapangaji ya 2025 imegusa upande huu pia. Muulize wakili wako mkataba wako unasimama wapi, akueleze kwa maneno ya kawaida, na asipoweza kukueleza mtafute mwingine.

Halafu majengo marefu. Baada ya moto wa Grenfell tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walipoteza maisha, ikaja kujulikana majengo mengi nchi hii yamevikwa vifaa vinavyoshika moto, na waliokuja kuletewa bili za kuyavua ni wenye flati. Wakiwemo wenye shea ya robo, wakaletewa bili kama wana nyumba nzima. Sheria ya usalama wa majengo ya 2022 ilileta ulinzi kwa majengo ya zaidi ya mita 11, lakini kuuza flati ambayo jengo halina karatasi za kuonyesha liko salama kwa moto bado ni kazi. Baba watoto yeye kwa sababu hii tu alishaondoa flati kwenye orodha, anasema tukanunue kitu ambacho mlango wake unafungukia barabarani.

Niseme la kuongeza shea maana ndo ahadi inayouza mpango wote huu: unaanza na 40, unaongeza kidogo kidogo, siku moja una 100 na kodi inakufa. Sisi watu wa kujenga kwa awamu tunaelewa lugha hiyo haraka sana, leo msingi, mwakani tofali, bati likipatikana bati. Tofauti ni kwamba ukinunua tofali Tanga mwaka huu, mwakani hilo tofali ni lako kwa bei uliyonunulia. Huku kila unapoongeza shea unanunua kwa bei ya soko ya siku hiyo. Flati ikipanda kutoka 280 kwenda 320, asilimia 10 iliyokuwa 28,000 sasa ni 32,000, na juu yake mthamini, wakili, na benki ukiongeza mkopo. Yaani nyumba ikipanda unafurahi kwa ile 40 na unaumia kwa ile 60.

Mikataba mipya inaruhusu kuongeza asilimia 1 kila mwaka kwa miaka 15 ya mwanzo, bila kumlipa mthamini, wanatumia tu fahirisi ya bei za nyumba. Inasikika vizuri. Lakini fanya hesabu: asilimia 1 ya 280,000 ni pauni 2,800. Ukiilipa, kodi yako inapungua kama pauni 6 na senti kwa mwezi, 77 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 2.75 ya hela yako. Hizohizo 2,800 ukizipeleka kulipa mogeji ya riba ya 5 (angalia tu mkataba wako unaruhusu kulipa zaidi kiasi gani kwa mwaka) unaokoa kama 140 mwaka wa kwanza. Najua kuna suala la nyumba kupanda thamani na kodi nayo kupanda, kwa hiyo sio moja kwa moja hivo, lakini watu wanarukia hiyo asilimia moja kama bahati nasibu bila kulinganisha na kitu kingine chochote. Bora kukusanya ukanunua kipande kikubwa mara moja, au kulipa deni kwanza.

Kizuri cha mikataba mipya ambacho sijaona kinasemwa sana ni matengenezo. Ile ya zamani, nyumba ikivunjika kitu ni wewe asilimia 100. Mipya, miaka 10 ya mwanzo mambo ya nje na ya muundo wa jengo ni ya shirika, na ndani unaweza kudai mpaka pauni 500 kwa mwaka kwa mabomba, mfumo wa joto, umeme wa ndani na vitu hivo. Boila ikifa mwezi wa kwanza na theluji nje utaikumbuka hii paragrafu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ajenti sio bei, ni: huu ni mkataba wa mtindo wa zamani au mpya? Kuna majengo mapya kabisa yenye mkataba wa zamani, usidanganywe na rangi.

Sasa yale yanayotuhusu sisi hasa, ambayo kwenye video za YouTube za Waingereza hutoyakuta.

La kwanza upatu. Depoziti yetu sehemu kubwa imetoka kwenye upatu, tuko kinamama 12, kila mmoja 300 kwa mwezi, zamu yako ikifika unapokea 3,600. Kwetu ni kitu cha kawaida kuliko chai. Kwa wakili wa Kiingereza anayetakiwa kisheria kujua kila senti imetoka wapi, anaona kwenye taarifa ya benki watu 11 tofauti wanakurushia mia tatu mia tatu ndani ya siku mbili, anaona utakatishaji wa fedha. Rafiki yangu mmoja alikwama wiki kadhaa kwa hili. Dawa yake: andikeni. Daftari la upatu liwe na majina na tarehe na zamu, kijumbe aandike barua, na hela za depoziti zikae kwenye akaunti yako moja miezi sita kabla hujaanza kuhangaika, zisizungushwe zungushwe. Na kama umeuza kiwanja nyumbani, karatasi za mauzo zitafsiriwe mapema. Ndugu akikupa hela, kuna barua anasaini kwamba ni zawadi na hadai kitu kwenye nyumba, mjomba atakasirika kidogo lakini atasaini.

La pili hela za nyumbani. Kabla shirika hawajakukubali wanakupitisha kwa mshauri wa fedha anayepiga hesabu ukishalipa kila kitu unabaki na kiasi gani mwisho wa mwezi. Zile 200 za mama, ada ya mdogo wako chuoni, vyote vinaonekana kwenye taarifa ya benki. Usifiche, wataviona. Na huyo mshauri wa kwanza akimaliza kazi yake sio lazima uchukue mogeji kupitia kwake wala umtumie wakili wanayekupendekezea, ni haki yako kutafuta wako.

La tatu, kwa sisi Waislamu, riba. Hili kila mtu na dhamiri yake na shehe wake, mi sitoi fatwa. Nasema tu kwamba mfumo wa musharaka inayopungua, ambao taasisi za Kiislamu hapa Uingereza zinautumia, wenyewe ni ubia: taasisi inanunua na wewe, unalipia matumizi ya sehemu yake huku unainunua taratibu. Wazo lile lile la shea. Tatizo ukitaka kuuchanganya na shea ya shirika la nyumba mnakuwa washirika watatu kwenye flati moja, sio kila taasisi inakubali, na depoziti mara nyingi wanataka kubwa zaidi. Shemeji yangu aliamua kusubiri akusanye anunue nyumba nzima kwa njia hiyo, na namheshimu kwa hilo japo anakaa chumba kimoja na watoto wawili.

La nne ndo lililonigawa mimi. Nyumba ya shea hairuhusiwi kupangishwa. Ukiwa na mtu wa chumba kimoja na wewe mwenyewe unaishi humo, mara nyingi wanakubali ukiwataarifu. Lakini kufunga virago ukaenda Tanga miaka miwili kumuuguza mama, ukampangisha mtu nyumba ikajilipa yenyewe, hapana, mpaka ufike asilimia 100, au uwe na sababu nzito sana na wakupe ruhusa kwa maandishi. Na nani kati yetu hana hiyo miaka miwili kichwani? Ukitaka kuuza uondoke, kwanza unawaarifu shirika, wana wiki 4 za kutafuta mnunuzi wao (mikataba ya zamani 8), bei ni ya mthamini ambaye unamlipa wewe, na mnunuzi naye lazima awe na sifa za mpango. Inauzika, lakini sio kwa haraka ya tiketi ya msiba.

Baba watoto kwa hilo anasema basi hela yote iende Kigamboni tumalize ile nyumba iliyosimama kwenye lenta. Mi namwambia nyumba ya Kigamboni hatutalala leo, watoto wana shule hapa miaka tisa mbele, na kila mwezi 1,250 inaondoka. Hatujamalizana. Ila tumekubaliana kitu kimoja: kama hatuoni tukikaa hapa angalau miaka saba au minane, tusiguse, maana gharama za kuingia na kutoka zitakula faida yote. Mtu aliye single anayefikiria kuhama kikazi mwakani, mi ningemwambia apange tu.

Flati tumeiacha. Tumeshika, kwa ada ya pauni 500, nyumba ya safu ya vyumba viwili kwenye estate mpya (mtaa wa nyumba zilizojengwa pamoja), bei kamili 310,000, shea asilimia 35, mkataba mpya. Mogeji 524, kodi 462, na ada ya estate wanasema 34 kwa mwezi kwa ajili ya majani na taa za njia, jumla 1,020. Hakuna lifti, hakuna korido. Shida ni kwamba estate haijamaliza hata mwaka, hakuna hesabu za nyuma, hiyo 34 ni makisio tu. Wakili ameandika barua kuuliza vitu vitatu: nani anamiliki barabara za ndani na kama halmashauri itazichukua, kampuni inayosimamia inaweza kubadilishwa na wakazi au la, na kama eneo la kuchezea watoto ambalo bado ni kifusi litaongezwa kwenye ada likishajengwa. Majibu bado. Ikija kuonekana ada inaweza kuvuka 60 mara tu estate ikimalizika, naachia, na ile 500 iende.